Cha Mvunguni

Leipzig, Februari, chumba cha chini ya ardhi.
Saa tisa za usiku, na pampu inakoroma
kama mlevi aliyelalia ubavu.
Juu yetu theluji imeinyamazisha tramu ya mwisho;
huku chini Eckehard anamenya yai la kuchemsha
juu ya daftari la vipimo.

Maji hatukuyatumia. Maji yana kiherehere:
ukiyaweka penye ombwe hutokota, kisha huganda,
yote mawili kwa pumzi moja.
Tulichukua formamidi, kiowevu chenye subira,
tukaiyeyushia chumvi yenye tabia za sabuni,
punje chache, kijiko cha mtoto,
tukatumbukiza kisahani cha chuma kizunguke humo
ili kila nukta tuletewe uso mpya,
uso ambao haujapata muda wa kujipodoa.

Kisha taa ya heli.
Mwanga hupiga hodi, na anayetoka ni elektroni.
Aliye barazani hutoka upesi, na jina lake mdomoni.
Aliye chumba cha ndani
hujigonga kwenye kabati, kwenye kitanda, kwenye mtungi,
na akifika mlangoni, kama anafika,
hakumbuki tena alikolala.
Ndiyo maana kipimo chetu husikia habari za barazani tu:
molekuli moja, mbili, tatu kwenda chini.
Baada ya hapo ni minong'ono.

Nilikuwa nawangoja pacha wa iyodidi,
vilele viwili vinavyosimama bega kwa bega.
Chumvi niliipima mwenyewe. Iyodidi imo,
nusu kwa nusu, kila chanya na hasi yake.
Lakini karatasi ilitambaa ikatoka tupu,
tambarare kama shamba la viazi baada ya mavuno.
Nikakagua taa. Nikakagua waya.
Nikakilaani kihesabio kwa lahaja ya bibi yangu.
"Usiku wa tatu huu," nikasema, "nimeharibu tena."

Eckehard akatema kipande cha ganda.
"Wiebke, nani kakwambia wote wanakaa usoni?"

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Hapa ni kinyume:
tulikuwa tumeinama mno, tukichungulia kwa pembe kali,
na ainamaye hivyo huona ngozi tu.
Akalegeza skrubu nne, akakiinua kitambuzi,
polepole, kikasimama wima juu ya kiowevu.
Dakika kumi na moja.
Wakaja. Kwanza mmoja, kwa haya,
halafu mwenzake.

Kwa hiyo hivi ndivyo wanavyojipanga:
chanya amejilaza juu,
mikono yake minne ya mafuta ikiukimbia umajimaji,
na hasi, mwenzi wake wa lazima,
yuko hatua moja chini yake, gizani,
karibu kiasi cha kutoachika,
mbali kiasi cha kutoonekana.
Uso mzima ni wa mmoja. Mzigo ni wa wawili.

Nilitaka kupiga makofi. Eckehard alikuwa akitazama mlango.
"Enzi zile," akasema, "pale alikaa bawabu, Pietzsch.
Kila asubuhi bashasha: habari za mkeo, mtoto kapona?
Baadaye wakaturuhusu kusoma mafaili yetu.
Langu lilikuwa nene hivi."
Akaonyesha kwa vidole, yapata unene wa mkate.
"Mtoto alikuwa ameandikwa humo. Na homa yake, nyuzi thelathini na tisa."
Akafuta chumvi ya yai mdomoni,
akaniambia niongeze muda wa kuhesabu, kelele bado ni nyingi.

Niliandika: pembe kali, hakuna. Wima, wapo.
Ganda la yai lilinata penye tarehe, sikulibandua.

Alfajiri nikaosha vikombe kwenye sinki la korido,
kwa sabuni ya kawaida, ya kijani, ya bei rahisi.
Povu likapanda hadi kwenye vifundo vya mikono
likiwa na rangi zote, linacheka na kila taa.
Nikainamisha kichwa.
Nikakiinua tena.